Dawa, Mafuta na Taka: Msamiati wa Sumu za Viwandani Mpakani Busia na Malaba

Utangulizi

Inaelezwa sana kwamba neno bodaboda, ambalo leo limeenea kutoka Mombasa hadi Kampala na kuvuka hadi Kongo ya mashariki, lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, kati ya miji ya Busia na Malaba. Hapo waendesha baiskeli waliwavusha wasafiri na mizigo yao kutoka kituo kimoja cha forodha hadi kingine. Wanaleksikografia hupenda kuutaja mfano huu kuonyesha kwamba mpaka ni karakana ya lugha. Makala haya hayapingi dai hilo. Yanachoongeza ni kwamba karakana hiyo hiyo hutoa pia maneno yanayoficha, na kwamba baadhi ya maneno hayo hufunika vitu vinavyoua.

Mpaka huu unaongewa lugha nyingi. Kuna Kiteso katika pande zote mbili, Kisamia, Kikhayo, Kimarachi na Kinyala upande wa Kenya, Kilugwe na Kiganda upande wa Uganda, na Kiingereza kwenye hati za forodha. Juu ya hizo zote kimesimama Kiswahili cha biashara, ambacho dereva wa lori kutoka Mombasa, mkulima wa Budalang'i na muuza duka wa upande wa pili hukitumia kupatana bei. Tangu Kituo cha Pamoja cha Mpakani cha Busia kizinduliwe rasmi na marais wa nchi hizi mbili mwezi Februari 2018, bidhaa hupita kwa kasi kuliko zamani. Miongoni mwa bidhaa hizo kuna viuatilifu, mafuta ya mitambo, viyeyushi vya rangi na mapipa yaliyobaki baada ya kemikali kutumika.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba Kiswahili cha kila siku kimezikabidhi sumu za viwandani msamiati wa tiba. Kinachoua huitwa dawa, na kinachofanyiwa mabaki yake baadaye huitwa kutibu. Hivyo sumu huingia mikononi mwa watu kwa jina la uponyaji na kutoka kwa jina hilo hilo, na katikati hapabaki neno la kuonyesha kama sumu imevunjwa au imehamishwa tu. Ili kuitetea hoja hiyo haitoshi kuyachambua maneno. Ni lazima pia kueleza, kwa Kiswahili, kinachotendeka ndani ya pipa.

Dawa ya nani?

Tuanze na sarufi. Dawa ya meno huyasaidia meno, dawa ya viatu huving'arisha viatu, lakini dawa ya panya haimsaidii panya. Dawa ya mahindi huyahifadhi mahindi. Dawa ya magugu huyakausha magugu. Umbo ni moja, yaani nomino, -a unganifu na nomino nyingine, ila uhusiano wa kimaana ni wa aina mbili zinazopingana. Katika kundi moja nomino ya pili ni mnufaika, katika kundi jingine ni mwathiriwa. Msikilizaji huamua kwa ujuzi wake wa ulimwengu, si kwa sarufi. Anajua hakuna mtu anayemtibu panya. Pale ujuzi huo unapopungua, sarufi haina msaada wa kumpa.

Mfano mzito zaidi unapatikana katika Mradi wa Mpunga wa Bunyala, karibu na mahali ambapo Mto Nzoia unaingia Ziwa Viktoria. Huko watafiti wa ndege waliandika, kuelekea mwisho wa muongo wa kwanza wa karne hii, kuhusu wawindaji waliotumia kabofurani, kiuatilifu kilichojulikana zaidi kwa jina la biashara la Furadan, chenye chembechembe za rangi ya zambarau. Chembechembe hizo zilitiwa ndani ya konokono, konokono wakatawanywa majarubani, korongo wakala wakafa, na nyama yao ikauzwa kuwa kitoweo. Kabofurani huzuia kimeng'enya ambacho mwili hukihitaji ili kusimamisha ujumbe wa neva baada ya kupita. Kimeng'enya hicho kikizuiwa, misuli hukaza bila kupumzika, mate na jasho humwagika, na pumzi hushindwa. Mfumo huo wa neva ni mmoja kwa mdudu, korongo na binadamu. Shirika la Afya Duniani limekiweka kiuatilifu hiki katika daraja la hatari kubwa, ambalo alama yake ni mkanda mwekundu.

Mwaka 2009, baada ya habari za simba waliouawa kwa sumu hiyo nchini Kenya kutangazwa katika televisheni ya Marekani, kampuni iliyoitengeneza, FMC, ilitangaza kuiondoa sokoni na kuinunua tena kutoka madukani katika Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 2017 kabofurani iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Rotterdam, ambao huitaka nchi inayouza nje kemikali kama hizo iheshimu uamuzi wa nchi inayoagiza kama itazikubali au itazikataa.

Je, neno dawa liliwadanganya wawindaji wa Bunyala? La hasha. Wao waliinunua kwa sababu inaua. Aliyefichwa ni mtu wa tatu: mtoto aliyetumwa dukani, mama aliyeiweka chembechembe ile kwenye rafu moja na chumvi, mlaji aliyenunua ndege aliyekwisha kunyonyolewa. Katika istilahi za fasihi tafsida ni uteuzi wa makusudi wa neno laini badala ya neno kali. Hapa kuna kitu kinachofanana na tafsida lakini hakina mtu aliyekikusudia, na kwa hiyo hakuna wa kuulizwa.

Lugha imejaribu kujisahihisha. Tanzania imelipa neno kiuatilifu hadhi ya kisheria, na tangu mwaka 2020 kuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Nchini Kenya vitabu vya shule hutumia kiuadudu au kiuawadudu. Maneno yote matatu yana fadhila moja kubwa: yamebeba kitenzi -ua ndani yake, waziwazi. Hata hivyo, ni vigumu kumpata mnunuzi wa kawaida sokoni Busia anayeomba kiuatilifu. Anaomba dawa, tena mara nyingi anapimiwa kiasi kidogo katika karatasi ya nailoni, na kibandiko chenye mkanda mwekundu kinabaki dukani kwenye kopo kubwa.

Mafuta yasiyo ya kukaangia

Neno la pili ni mafuta. Kiswahili kinaliita kwa jina hili moja lile la kupikia, lile la kujipaka, lile la gari na lile linalozunguka ndani ya transfoma ya umeme. Afrika Mashariki imeshuhudia wizi mwingi wa mafuta ya transfoma. Huyeyusha nta ya bei, kwa maana hudumu motoni kuliko mafuta ya kawaida ya kupikia, na kwa muda mrefu vyombo vya habari vya Kenya na nje vimeripoti kwamba wauza chipsi na viazi karai huyanunua. Wengine huyatia katika mashine za kuchomelea vyuma.

Transfoma nyingi hutumia mafuta ya madini. Hatari kubwa zaidi inatokana na zile za zamani, zilizojazwa au kuchafuliwa wakati wa matengenezo kwa bifenili zenye klorini nyingi, ambazo wataalamu huzitaja kwa herufi PCB. Kemikali hizi zilianza kutengenezwa kiwandani mwaka 1929. Ziko 209 kwa idadi ya maumbo yake, na sifa iliyozipendekeza kwa mafundi wa umeme ni kwamba haziungui kwa urahisi, hazipitishi umeme na hazichakai. Sifa hizo hizo ndizo balaa. Kitu kisichochakaa ndani ya transfoma hakichakai ndani ya tope la Mto Sio wala ndani ya mafuta ya samaki, na hakichakai ndani ya ini la mtu. Rangi haikionyeshi, harufu pia haikionyeshi. Fundi hawezi kuijua transfoma yenye PCB kwa kuitazama.

Kikaboni na kilimo hai

Jambo moja linafaa kutajwa kwa ufupi kwa sababu Kiswahili kimelishinda Kiingereza hapa. Kemikali zinazozungumziwa ni za kikaboni, yaani mifupa ya molekuli zake imejengwa kwa atomu za kaboni. Katika Kiingereza neno linalotumiwa kwa kemikali hizi ndilo hilo hilo linalobandikwa kwenye mboga zilizolimwa bila kemikali, na wanafunzi wengi wa sekondari hupotea hapo. Kiswahili kinaziita kemikali hizo za kikaboni na kilimo hicho kilimo hai. Tofauti hii ina uzito. Mwaka 2008, Uganda iliponyunyiza DDT majumbani katika wilaya za Apac na Oyam ili kupambana na malaria, waliokwenda mahakamani kuipinga walikuwemo wafanyabiashara wa mazao ya kilimo hai. Kwa Kiswahili mgogoro huo unaelezeka bila neno lolote kugongana na jingine.

Kuzimua, kuzika, kuchoma, kuvunja

Sasa yafuate mabaki. Katika Kiswahili cha magazeti na cha semina, taka zenye sumu hutibiwa au husafishwa. Vitenzi hivi viwili havielezi kitu. Maji yanaweza kusafishwa na sumu ikabaki nzima, imehama tu kutoka majini kwenda kwenye matope. Kiswahili kina vitenzi vinne vya kawaida vinavyotosha kutofautisha yanayofanywa, na inashangaza kwamba havijatumiwa kuwa istilahi.

Kuzimua ni kupunguza ukali wa kitu kwa kukitia maji. Ndivyo mito ilivyotumiwa. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, Pan African Paper Mills, kilichoasisiwa mwaka 1969 na kuanza uzalishaji mwaka 1974, kilijengwa kando ya Nzoia, na wakazi wa chini ya mto, hadi Bunyala, waliyaona maji yake yakibadilika rangi. Karatasi nyeupe hupatikana kwa kuondoa lignini, yaani gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi za mti. Klorini ikitumika kwa kazi hiyo, baadhi yake hujifunga kwenye vipande vya lignini na kuzaa mamia ya kampaundi za kikaboni zenye klorini. Mabwawa ya kutulizia majitaka hupunguza sehemu inayoliwa na bakteria. Sehemu yenye klorini nyingi bakteria hawaipendi, nayo huendelea na safari. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2009 na kikauzwa mwaka 2016. Ulimwenguni, viwanda vingi vya karatasi vilipata nafuu kwa kubadilisha kemikali ya kupaushia, wakaacha klorini yenyewe na kutumia dioksaidi ya klorini, oksijeni au peroksidi. Hiyo ni hatua ya kutoitengeneza sumu, na haina haja ya kitenzi cha tiba.

Kuzika hakuhitaji maelezo marefu. Pipa lililozikwa hupata kutu.

Kuchoma ndiko kunakopendwa, kwa sababu moshi hupotea machoni. Lakini kampaundi zenye klorini zikichomwa kwenye moto hafifu, kama ule wa taka nyuma ya gereji, vipande vyake huungana upya na kuunda dioksini na furani, ambazo ni kali kuliko sumu iliyochomwa. Tanuri iliyokusudiwa kazi hiyo hutakiwa kufikia nyuzi joto 1,100 za Selsiasi na kuushikilia moshi humo kwa angalau sekunde mbili, kisha kuupoza kwa haraka ili dioksini zisipate nafasi ya kuundwa tena njiani. Viuatilifu vilivyokwisha muda wake vilivyokusanywa Tanzania chini ya Mpango wa Afrika wa Kuondoa Viuatilifu Chakavu, ulioanza mwaka 2005, vilisafirishwa kwa meli hadi Ulaya kwa ajili ya tanuri za aina hiyo. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 unataka kila nchi inayopitiwa na shehena kama hiyo ijulishwe kwanza kwa maandishi na ikubali. Kenya, Uganda na Tanzania zote ni wanachama wa mkataba huo, kwa hiyo pipa la taka za sumu linalofika Malaba bila hati ya ridhaa limevunja sheria hata kama aliyelibeba amelipa kila ushuru.

Kuvunja ndicho kitenzi kinacholingana na utakasaji wa kikemikali kwa maana yake halisi. Hapa kifungo kinachoifanya molekuli kuwa sumu hukatwa, na kinachobaki si kitu kile tena. Njia ni nyingi, kwa kuwa vifungo havilingani kwa ugumu.

Kabofurani, kwa ukali wake wote, ina kifungo dhaifu. Ikiwekwa katika maji yenye alkali, maji yenyewe huikata vipande viwili, na kipande kikubwa kinachobaki ni fenoli yenye sumu ndogo zaidi. Kadiri alkali inavyokuwa kali ndivyo kazi inavyokwenda upesi: katika maji ya kawaida huchukua wiki, katika maji yenye alkali ya kutosha huchukua saa. Ndiyo maana fundi mwenye vipimo anaweza kuitumia chokaa au kostiki soda, ile inayotengenezewa sabuni, kuvunja mabaki ya aina hii ndani ya tangi lililofungwa. Kunyunyiza chokaa juu ya udongo si kazi hiyo, na ifahamike kwamba hakuna fundi anayeweza kuifanya jikoni.

PCB haitishwi na chokaa. Kifungo cha kaboni na klorini kwenye pete ya benzini ni kigumu, na alkali ya maji humwagika juu yake bila kukigusa. Kinachohitajika ni mwenye tamaa ya klorini kuliko kaboni, naye ni metali ya sodiamu. Sodiamu iliyosagwa kuwa punje ndogo sana na kusambazwa ndani ya mafuta huzing'oa atomu za klorini moja baada ya nyingine na kuungana nazo. Zao lake ni kloridi ya sodiamu, yaani chumvi ile ile ya mezani, na mafuta yaliyobaki yanaweza kurudishwa ndani ya transfoma. Kuna sharti moja lisilosameheka: mafuta yawe makavu kabisa, kwa kuwa sodiamu ikikutana na maji hutoa haidrojeni na kuwaka. Vifaa vidogo vya kupimia transfoma hutumia kemia hiyo hiyo. Sodiamu kidogo huing'oa klorini, kisha rangi ya kimiminiko humwonyesha fundi kama imepatikana nyingi au chache.

Kwa taka ngumu, kama udongo uliolowa mafuta, ipo njia iliyobuniwa Marekani na shirika la serikali la kulinda mazingira. Taka huchanganywa na kostiki soda, mafuta mazito yanayotoa haidrojeni na kichocheo, kisha hupashwa moto kupita nyuzi joto 300 pasipo hewa. Klorini hutoka na kuwa chumvi, haidrojeni hukaa mahali pake. Kwa majitaka kuna mmenyuko uliogunduliwa na Mwingereza Fenton mwaka 1894. Peroksidi ya haidrojeni ikikutana na chumvi ya madini ya chuma ndani ya maji yenye asidi, huzaliwa chembe zenye ukali mno, zinazodumu kwa sehemu ndogo sana ya sekunde na kung'ata kila kitu cha kikaboni kilicho karibu. Njia hii huvunja rangi za viwanda vya nguo, fenoli na viuatilifu vingi. Huacha tope la chuma ambalo nalo lina gharama yake, na peroksidi haipatikani kwa bei rahisi. Mtu akisema majitaka "yametibiwa" bila kutaja ni lipi kati ya haya limefanyika, hajasema kitu kinachoweza kukaguliwa.

Sentensi ya kibandiko

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999 uliahidi, katika ibara ya 137, kukikuza Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano ya Jumuiya. Baadaye wakuu wa nchi walikipitisha kuwa lugha rasmi, na mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda likakikubali kuwa lugha rasmi ya nchi. Mijadala iliyofuata ilihusu zaidi bunge na shule. Kibandiko cha pipa hakikutajwa sana, ingawa ndicho matini ya Kiswahili inayosomwa na mtu ambaye maisha yake yanategemea kuielewa.

TUKI ilitoa Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na kazi hiyo inastahili heshima. Istilahi zake zilikusudiwa darasani. Mpakani kunahitajika kitu cha namna nyingine: vitenzi ambavyo mkulima tayari anavyo, vikifungwa kwenye maana moja. Kuzimua, kuzika, kuchoma na kuvunja vinajulikana na kila mtu kutoka Port Victoria hadi Malaba, na kila kimoja kina picha yake akilini. Kwa upande wa dawa, haielekei kwamba neno hilo litang'olewa vinywani mwa watu, na pengine si busara kujaribu. Linaloweza kufanyika ni kuliongezea: sumu ya panya badala ya dawa ya panya kwenye maandishi yote ya serikali na ya wauzaji wenye leseni, na dawa ibaki kwa kile kinachomezwa kwa agizo la daktari.

Mkataba wa Stockholm, ambao Kenya na Uganda zote ziliingia mwaka 2004, unaitaka kila nchi mwanachama kujitahidi kuziondoa PCB katika vifaa vya umeme kabla ya mwisho wa mwaka 2025 na kuzishughulikia taka zake ipasavyo kufikia mwaka 2028. Kila transfoma inayopatikana na PCB inapaswa kubandikwa alama. Pendekezo la sentensi ya alama hiyo ni hili: MAFUTA HAYA NI SUMU. HAYAKAANGIWI, HAYAPAKWI, HAYACHOMWI. Amri ya "usitumie" imeepukwa kwa makusudi. Amri humhusu anayeisoma, na mwizi wa mafuta hujua tayari kwamba amekatazwa. Kanushi ya kutendwa inaeleza mafuta yenyewe, na inaweza kurudiwa kwa mdomo na mtu yeyote aliyeisoma kwa mtu ambaye hakuisoma, hata kwenye karai la viazi, bila kubadilisha neno.